Chumvi ya Jikoni na Siri ya Jua

Ndugu msomaji, bila shaka umepata kuona jambo hili jikoni kwako, ijapokuwa huenda hukulijali. Sufuria ya maharage imetokota kupita kiasi, mfuniko umeinuka, na matone machache ya mchuzi wenye chumvi yameangukia moto wa jiko la gesi au la mafuta ya taa. Moto uliokuwa ukiwaka kwa rangi ya buluu hubadilika ghafla, ukatoa ulimi wa manjano, kisha baada ya nukta chache ukairudia rangi yake. Mpishi hupunguza moto, akafuta jiko, akaendelea na shughuli zake.

Ulimi ule wa manjano ndio habari yetu juma hili. Kwani katika karne ya 19 watu wachache wa Ulaya waliutazama ulimi kama huo kwa makini, wakatambua kwamba chumvi ilikuwa ikiwatajia jina lake. Kutokana na hayo walipata ufunguo wa kujua Jua limefanyika kwa vitu gani, na hali Jua liko umbali wa kilometa milioni 150 kutoka hapa tulipo, wala hapakuwa na mtu aliyepata kuchota hata punje moja ya vumbi lake.

Je, mtu aweza kudai kwamba anakijua kitu asichoweza kukigusa? Hilo ndilo swali lililokuwa mezani, na wenye akili nyingi walikuwa wamekwisha kulijibu. Mnamo mwaka 1835 mwanafalsafa mashuhuri wa Ufaransa, Auguste Comte, aliandika kwamba binadamu ataweza kupima umbali, ukubwa na mwendo wa nyota, lakini kamwe hatapata njia ya kujua zimefanyika kwa kemikali gani. Comte hakuwa mjinga. Alisema kile ambacho kila mtu wa busara wa zama zake angekisema. Ili kuchunguza kitu kikemia, hapana budi ukitie katika chupa, ukipashe moto, ukichanganye na asidi. Nani angeitia nyota katika chupa?

Asichokijua Comte ni kwamba dalili za jibu zilikuwa zimekwisha kuonekana miaka 20 na zaidi kabla hajaandika maneno hayo. Aliyezichunguza hakuwa profesa, bali kijana fundi wa vioo.

MWANAGENZI CHINI YA KIFUSI

Joseph Fraunhofer alizaliwa mwaka 1787 katika mji wa Straubing, nchini Bavaria, ambayo leo ni sehemu ya Ujerumani. Baba yake pia alikuwa fundi wa vioo. Kabla hajatimiza miaka 13 Fraunhofer alikuwa yatima wa baba na mama, akapelekwa mjini Munich kuwa mwanagenzi wa fundi wa vioo vya kujitazamia. Tajiri yule hakupenda kijana wake asome.

Tarehe 21 Julai, 1801, nyumba ya tajiri iliporomoka, Fraunhofer akafukiwa chini ya kifusi. Kazi ya kumfukua ilichukua saa kadhaa, na mtawala wa Bavaria mwenyewe, Maximilian Joseph, alifika mahali pale kushuhudia. Kijana alipotolewa akiwa hai, mtawala alimzawadia fedha. Mwingine wa umri wake angenunua mavazi na kustarehe siku mbili tatu. Fraunhofer alinunua mashine ya kusugulia vioo, na fedha nyingine akazitumia kujikomboa katika uanagenzi. Baadaye aliajiriwa katika karakana ya lenzi, na miaka michache haikupita akawa fundi mkuu wa vioo vya darubini huko Benediktbeuern, katika majengo yaliyokuwa ya watawa.

Tangu karne ya 17 ilijulikana kwamba mwanga mweupe wa Jua ukipitishwa katika prizimu, yaani kipande cha kioo chenye pembe tatu, hutawanyika na kuwa ukanda wa rangi kama upinde wa mvua: nyekundu, rangi ya chungwa, manjano, kijani, buluu na zambarau. Ukanda huo wataalamu huuita spektra. Fraunhofer alitaka kupima kila aina ya kioo hupinda kila rangi kwa kiasi gani, ili lenzi zake zisitoe picha zenye ukungu. Lakini rangi za spektra huingiana taratibu. Nani aweza kuonyesha kwa kidole mahali manjano inapokoma na kijani inapoanzia? Alihitaji alama zisizohama.

Katika moto wa taa aliona mstari mmoja mwangavu wa manjano, akafurahi, akautafuta mstari huo huo katika mwanga wa Jua. Mwaka 1814 alipitisha mwanga wa Jua katika upenyo mwembamba, kisha katika prizimu, akautazama kwa darubini ndogo. Hakuona mstari mwangavu. Aliona mistari myeusi, myembamba, mingi mno, imekatiza ukanda wa rangi kama nyuzi nyeusi zilizofumwa katika kitambaa. Mwingereza William Wollaston alikuwa ameona michache mwaka 1802, akadhani ni mipaka tu ya rangi. Fraunhofer alihesabu zaidi ya 570, akaichora ramani yake, na ile mikubwa akaipa herufi za alfabeti kuanzia A.

Hakuishia hapo. Alielekeza chombo chake kwenye sayari ya Zuhura, akaiona mistari ile ile ya Jua. Na hilo ni haki, kwani nuru ya Zuhura ni ya kuazima kwa Jua. Alipoielekea nyota iitwayo Sirius, mistari ilikuwa mingine. Basi haikuwa kasoro ya chombo chake. Na jambo moja zaidi aliliandika: mstari mweusi alioupa herufi D, ambao kwa kweli ni mistari miwili iliyokaribiana, ulikuwa mahali pale pale palipokuwa na manjano ya moto wa taa.

Kwa nini iwe hivyo, Fraunhofer hakujua, wala hakudai kujua. Aliitumia mistari hiyo kama alama za rula, akatengeneza lenzi bora kuliko zote za wakati wake, akafariki dunia mwaka 1826 kwa kifua kikuu, umri wake miaka 39.

MOTO USIO NA RANGI

Comte naye alifariki mwaka 1857. Miaka miwili tu baadaye, katika mji wa Heidelberg, maneno yake yalitanguka.

Hapo Heidelberg waliishi marafiki wawili: Robert Bunsen, mwanakemia, na Gustav Kirchhoff, mwanafizikia. Bunsen alikuwa ameanza kutumia jiko dogo la gesi ambalo hadi leo linaitwa kwa jina lake katika maabara za shule. Sifa yake kubwa ilikuwa kwamba moto wake karibu hauna rangi. Kwa hiyo ukitia kitu ndani yake, rangi utakayoiona ni ya kitu hicho. Bunsen alizitenganisha rangi hizo kwa kutazama kupitia vioo vya rangi. Kirchhoff alimshauri atumie prizimu.

Wakaunda chombo kiitwacho spektroskopu, na ulimwengu mpya ukafunguka. Waliona kwamba kila elementi ikiwa katika hali ya mvuke wa moto hutoa mistari yake yenyewe ya mwanga, isiyofanana na ya nyingine yoyote, kama alama za vidole vya binadamu. Sodiamu, ambayo ndiyo nusu ya chumvi yetu ya jikoni, hutoa mistari miwili ya manjano. Hata punje ya chumvi isiyoonekana kwa macho ilitosha kujifichua. Mwaka 1860 waliona katika maji ya chemchemi ya Dürkheim mistari ya buluu wasiyoijua. Bunsen alichemsha zaidi ya lita 40,000 za maji hayo mpaka akapata chembe za elementi mpya, sesiamu. Mwaka uliofuata wakaipata rubidiamu kwa njia hiyo hiyo.

Lakini jambo kubwa lilikuwa limetokea mwaka 1859. Kirchhoff aliupitisha mwanga wa Jua katika moto uliotiwa chumvi kabla haujafika kwenye prizimu. Ungetazamia nini, msomaji? Mstari D wa Jua ni mweusi. Moto wa chumvi hutoa manjano mahali pale pale. Basi manjano itaujaza weusi. Jua lilipokuwa hafifu ilikuwa hivyo. Lakini mwanga wa Jua ulipokuwa mkali, mstari D ulizidi kuwa mweusi.

Kirchhoff alilitafakari jambo hilo, akapata maana yake. Mvuke hunyonya mwanga ule ule ambao wenyewe huutoa. Mfano wake ni uzi wa udi. Ukiupiga hutoa sauti yake. Na mtu akiimba karibu nao kwa sauti ile ile, uzi hutikisika wenyewe, kwani umepokea sauti iliyo yake. Mvuke wa sodiamu nao hupokea manjano iliyo yake na kuitawanya pande zote, hata mbele ya macho yetu hubaki upungufu, yaani mstari mweusi. Ikiwa mstari D umo katika mwanga wa Jua, basi mwanga huo umepita katika mvuke wa sodiamu. Na mvuke huo hauko hapa duniani. Uko katika tabaka za nje za Jua, zilizo na joto pungufu kuliko za ndani.

Chumvi ya jikoni na Jua, kumbe, vina elementi ya pamoja.

Kirchhoff alilinganisha mistari ya chuma naye akaona takriban mistari 60 mwangavu ya chuma ikilingana na mistari myeusi 60 ya Jua. Kudai kwamba hilo lilitokea kwa bahati ni kama kudai kwamba mtu amerusha sarafu mara 60 na kila mara ikaangukia upande mmoja. Aliendelea kuichora ramani ya spektra ya Jua hata macho yake yakadhoofika, na mwanafunzi wake akamsaidia kuimalizia.

Husimuliwa kwamba meneja wa benki alimcheka Kirchhoff akimwuliza: hata kama iko dhahabu katika Jua, yanifaa nini ikiwa siwezi kuileta duniani? Tuliweke swali hilo kando. Tutalirudia.

MSTARI USIO NA MWENYEWE

Tarehe 18 Agosti, 1868, Jua lilipatwa kabisa. Kivuli cha Mwezi kilipita Aden, kikavuka bahari hadi India, kikaendelea mashariki. Wengi wetu tunakumbuka kupatwa kwa Jua kulikoonekana Rujewa, mkoani Mbeya, tarehe 1 Septemba, 2016. Siku ile Mwezi haukulifunika Jua lote; pete ya moto ilibaki. Lakini mwaka 1868 Jua lilifunikwa lote, na hapo ndipo huonekana ndimi kubwa nyekundu zikichomoza ukingoni mwake. Hakuna aliyejua ndimi hizo ni kitu gani.

Mfaransa Jules Janssen alikuwa Guntur, India, na spektroskopu yake. Aliziona ndimi hizo zikitoa mistari mwangavu, na mingine ilikuwa ya hidrojeni. Kumbe ni gesi inayowaka kwa nuru. Tena mistari ilikuwa mikali kiasi kwamba Janssen alijiambia kuwa itaweza kuonekana hata Jua lisipopatwa. Kesho yake asubuhi alijaribu, akaiona. Siri yake ni kwamba spektroskopu hutawanya mng'ao wa anga katika rangi zote hata ukafifia, lakini mstari mmoja hautawanyiki, hivyo hubaki na nguvu zake.

Wakati huo mjini London alikuwako karani wa Wizara ya Vita, jina lake Norman Lockyer, aliyechunguza anga baada ya saa za kazi. Alikuwa na wazo kama la Janssen, lakini spektroskopu aliyoiagiza ilichelewa kumfikia. Aliipata Oktoba, na tarehe 20 ya mwezi huo akaziona ndimi za Jua bila ya kusafiri popote. Barua za watu hawa wawili zilisomwa mbele ya Akademia ya Sayansi mjini Paris siku moja, tarehe 26 Oktoba. Hawakugombea. Serikali ya Ufaransa ilitoa medali yenye sura zao wote wawili.

Miongoni mwa mistari hiyo ulikuwako mmoja wa manjano. Wengi waliouona walidhani ni sodiamu. Lockyer alipima, akaona kwamba haukukaa mahali pa D. Ulikuwa kando kidogo. Akisaidiwa na mwanakemia Edward Frankland, alijaribu kuupata maabara kutokana na hidrojeni, kwa joto na kanieneo mbalimbali. Haukutokea. Basi kama alama za vidole ni za kweli, mstari ule ulikuwa na mwenyewe wake, na mwenyewe huyo hakuwamo katika orodha ya elementi za dunia. Jina lake likatungwa kutokana na neno la Kiyunani lenye maana ya Jua: heliamu. Jina hilo lilitajwa hadharani mwaka 1871 na William Thomson, ambaye baadaye aliitwa Lord Kelvin.

Fikiri ugumu wa dai hilo, msomaji. Mtu anakiita kitu elementi mpya, na hali hana hata povu moja la gesi hiyo mkononi. Wanakemia wengi hawakuridhika.

Na hawakuwa na kosa kutoridhika. Mwaka 1869, Jua lilipopatwa huko Marekani, palionekana mstari mwingine wa kijani katika taji la nuru lililizunguka Jua. Nao haukuwa na mwenyewe. Nao ukapewa elementi yake, ikaitwa koroniamu. Watu walichoka kuitafuta. Jibu lilipatikana kwa kazi za Walter Grotrian na Bengt Edlén kati ya mwaka 1939 na 1942: hakuna koroniamu. Mstari ule ni wa chuma, chuma kile kile cha msumari, ila kilichopoteza elektroni zake 13 kwa sababu ya joto la zaidi ya nyuzi milioni moja.

Madai mawili, njia moja, watu waaminifu pande zote. Moja lilikuwa kweli, la pili halikuwa. Hakuna ufasaha wala cheo kilichoweza kuyapambanua. Ilihitajika kungoja ushahidi.

MIAKA 27 BAADAYE

Ushahidi wa heliamu ulikuja mwezi wa Machi, 1895. Mjini London mwanakemia William Ramsay alipasha moto katika asidi jiwe liitwalo kleveiti, lenye madini ya urani. Alikuwa akitafuta gesi nyingine, arigoni. Jiwe likatoa gesi, Ramsay akaitazama kwa spektroskopu, na tazama, mstari wa manjano kando kidogo ya D. Alimpelekea William Crookes, bingwa wa vipimo hivyo, naye akathibitisha kwamba ni mstari ule ule wa Jua.

Lockyer alikuwa bado hai, na umri wake karibu miaka 59. Alikuwa amengoja miaka 27.

Sababu ya heliamu kupatikana katika jiwe la urani ilieleweka baadaye: urani na thoriamu zinapooza polepole katika miamba hutoa heliamu. Na mwaka 1925 Cecilia Payne alionyesha kutokana na spektra za nyota kwamba hidrojeni na heliamu ndizo zilizo nyingi kupita zote. Leo inajulikana kwamba takriban robo ya uzito wa Jua ni heliamu. Gesi iliyotiliwa shaka ndiyo ya pili kwa wingi katika ulimwengu wote.

Sasa turudi kwa yule meneja wa benki. Mwezi wa Juni mwaka 2016 watafiti wa vyuo vikuu vya Oxford na Durham vya Uingereza, pamoja na kampuni moja ya utafutaji, walitangaza kwamba iko hazina kubwa ya heliamu katika Bonde la Ufa hapa Tanzania, upande wa Rukwa. Ni ile ile inayozaliwa katika miamba ya kale yenye urani, kisha joto la volkano likaifungua ipande juu. Heliamu ikiwa kimiminika, katika baridi ya nyuzi 269 chini ya sifuri, hupoza sumaku za zile mashine kubwa za hospitali zinazopiga picha za ndani ya mwili wa mgonjwa. Kitu kilichojulikana kwanza kama mstari wa nuru katika Jua leo kinatafutwa chini ya ardhi ya Rukwa. Hilo ndilo jibu la swali lake, ijapokuwa lilichelewa kuliko meneja yeyote wa benki angeweza kulisubiri.

Kama una watoto nyumbani, jaribu nao jambo dogo leo. Weka beseni la maji juani, utie ndani kioo cha kujitazamia kikiwa kimeinama, ukielekeze kwenye ukuta mweupe wenye kivuli. Ukanda wa rangi utatokea ukutani. Watazame ukuta tu. Wasilitazame Jua wala kioo, kwani macho yakiungua hayana dawa. Mistari ya Fraunhofer hawataiona, maana yataka chombo kizuri zaidi. Lakini waambie kwamba imo, na kwamba mmoja wao ni wa chumvi iliyomo katika mboga ya mchana huu.

Hadi Jumapili ijayo, panapo majaliwa.